Sauti Yako Niliyoituma Barumbu

Tonton,

Bon, nimechoka. Niseme hivyo kwanza kabla ya salaam, nawe utanisamehe, maana ulinifundisha salaam itangulie kila kitu. Nimechoka mgongo, nimechoka macho, nimechoka hata kidole gumba hiki cha kubonyezea simu. Nimekaa kwenye kiti chako karibu na mashine ya kushona. Mvua imenyesha Kabondo tangu asubuhi, barabara ni matope matupu, hakuna hata toleka mmoja aliyekubali kunipandisha kwenye baiskeli yake kunipeleka kazini Makiso. Bureau wataniandika absent. Waandike.

Ninakuandikia kwa kalamu na karatasi. Simu yako iko chumbani kwa Tantine Zaituni, mke wako, imezimwa. Nimeizima mimi leo, na sababu ya kuizima ndiyo habari ninayokuletea. Umekufa miezi minne sasa, Tonton, mjomba wangu, na katika miezi hiyo yote watu wa Isiro, wa Buta, wa Kindu na wa Barumbu wamekuwa wakizungumza nawe. Wamekusikia ukiwasalimia. Wamekusikia ukicheka. Ni mimi niliyekuwa nikikusemesha.

Ngoja nieleze vizuri, usianze kukunja uso.

Unakumbuka ulipotoka kazini, baada ya miaka yote ile ya kubeba mafaili ya wakubwa kutoka mlango mmoja hadi mlango mwingine? Ulirudi nyumbani na karatasi moja yenye muhuri na simu yenye kioo kilichopasuka, ukaifuta vumbi mashine ya marehemu baba yako. Mimi nilifikiri utatandika mkeka ulale. Kumbe! Kila asubuhi baada ya sala uliketi hapa hapa, simu karibu na mdomo kama mtu anayetaka kuila, ukaanza mzunguko wako. "Allô, ndugu yangu, umeamuka aje? Na madame? Ule mutoto mwenye kuumwa tumbo, alipona?" Mmoja baada ya mwingine, kila mtu na audio yake, kila mtu na jina la mtoto wake. Makarani waliohamishwa mbali, ma-directeur wa shule, masista wa hospitali, wakubwa uliowafungulia mlango, ambao wakati ule hawakukutazama usoni. Wote uliwatafuta namba zao, kikundi kwa kikundi, ukawasalimia.

Nilikuwa nakukaripia. "Tonton, tunauza nguo ama tunauza salaam?" Wengine hapa mjini waliweka picha za mashati yao kila siku, na muziki juu yake, na bei iliyoshushwa. Sisi hata picha moja hatukuwa nayo. Nawe, bila kuinua kichwa: "Mutoto, wacha. Usiulize commande. Uliza habari ya nyumba yake." Na commande zilikuja, oda juu ya oda, siwezi kukataa. Mtu wa Isiro aliagiza veste, koti la harusi ya mtoto wake, kwa sababu ulimkumbuka mama yake mgonjwa.

Ndivyo ulivyompata Maman Véro, directrice, mwalimu mkuu wa shule kule Barumbu, ambaye hukuwahi kumwona kwa macho. Sijui nani alikuingiza wewe, fundi wa nguo, katika kikundi cha walimu. Siku moja mtu aliandika humo kwamba directrice wa Barumbu amefiwa na mume. Watu wakaweka vile vipicha vya mikono iliyounganishwa, wakaendelea na mambo yao. Wewe ulitafuta namba yake ukamtumia audio ya pole, ndefu, mtu usiyemjua hata kidogo. Nilikucheka mbele ya Tantine. Maman Véro alikujibu baada ya majuma matatu, kwa Kilingala kilichochanganyika na Kiswahili cha kujikaza: "Ndeko na ngai, batu mingi baliandika. Wewe moja tu njo ulisema." Tangu hapo akakuita ndeko, ndugu yake, na mwaka ule shule yake nzima ikavaa bleu-blanc, sare ya buluu na nyeupe, iliyotoka kwenye mashine hii.

Na kwa kuwa kule hakuwa na mètre ya kupimia, ulimfundisha kupima kwa kamba. Kila darasa kamba tatu, ya wadogo, ya wa katikati, ya wakubwa. Fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu goti. Aliziweka katika bahasha akamkabidhi msafiri wa boti, nasi tukazitundika hapa ukutani kwenye msumari. Wageni waliziona wakadhani ni za mganga. Ulipenda sana kuwaacha waendelee kudhani.

Sasa nitasema neno ambalo sikukuambia ukiwa hai. Macho yako yalipoanza kuingia ukungu, ni mimi niliyeshona. Asubuhi Makiso, kuchapa barua za wakubwa, mchana narudi, kitako hapa. Miaka mitatu ya mwisho hakuna shati lililotoka katika nyumba hii ambalo sikulishona mimi. Wewe ulikuwa sauti, mimi nilikuwa mikono. Na kwenye audio zako ulisema "tumeshona", "tutatuma", na mtu akikuuliza uko na nani, ulisema, "Kuna mutoto hapa ananisaidia." Mutoto! Nina miaka thelathini na sita, Tonton. Mama yangu, dada yako, aliponiacha mikononi mwako ndiyo nilikuwa mtoto. Jina langu hukulitaja hata siku moja kwa watu wale. Iliniuma. Nilifikiri ukifa itapoa, lakini bado inaniuma, na naona haya kukuambia hivyo wewe uliye marehemu.

Halafu ukafa. Homa ya siku mbili, ukasema ni malaria tu, nikujazie maji kwenye birika. Siku ya tatu hukuamka. Tulikuzika siku ile ile kabla ya alasiri. Uwanja ukajaa mikeka, wanaume wakafunga bâche, turubai la kivuli, wanawake wakapika wali na sombe kwenye masufuria ya kuazima. Simu yako nilikuwa nimeifunga kiunoni ndani ya kitenge, ikitetemeka kwenye mbavu zangu mfululizo.

Unajua tunavyofanya hapa. Mtu akifa, hata kaburi halijafukiwa, picha yake iko kwenye statut ya simu ya kila ndugu, na mshumaa pembeni, hata kama marehemu ni Mwislamu ambaye hakuwasha mshumaa maisha yake yote ila umeme ukikatika. Ile picha ndiyo tangazo. Asiyeiona hana habari, na hawezi kulaumiwa kwa kutokuja. Tantine aliniuliza, "Asina, umeweka picha ya Tonton?" Nikasema ndiyo. Niliiweka kwenye simu yangu, yenye majirani na wenzangu wa bureau. Kwenye simu yako sikuweka.

Sababu nitakuambia wazi. Juma lile lile bahasha ya kamba ilikuwa imefika kutoka Barumbu. Maman Véro alikuwa amepima watoto kabla hawajaenda likizo, na walikuwa wameongezeka. Shule ile ndiyo inayotuvusha mwaka, wewe mwenyewe unajua. Nikawaza, nikiweka picha, atauliza nani amebaki. Atajibiwa nini? Kuna mutoto aliyekuwa anasaidia? Atatafuta fundi kule Basoko, karibu na kwake, na mimi nitabaki na mashine na Tantine na dawa zake. Basi nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa kilio chako, Tonton, watu wakikusomea dua, niliingiza mkono ndani ya kitenge nikaandika: "Kamba zimefika. Tunaanza kazi. Amisi."

Nilijiambia ni siku chache tu. Arobaini ikipita nitasema. Lakini uongo ukishaandika jina la mtu chini yake, kila siku unakuwa mgumu zaidi kuuvuta. Na wateja wako hawakuridhika na maandishi. "Papa Amisi, mbona sasa unaandika tu? Uko mugonjwa?" "Papa Amisi, tumekukosea?" Mtu wa Kindu aliniambia, yaani alikuambia wewe, kwamba umeanza kiburi. Walikuzoea mdomoni. Na sauti yako mimi ningeitoa wapi?

Ilikuwa humo humo ndani ya simu. Audio zako zote, za miaka yote. Nikachagua moja ya salaam isiyotaja jina la mtu, nikamtumia mwalimu wa Buta. Akafurahi kweli kweli. Juu ya audio lilitokea lile neno dogo linalosema imetoka kwa mtu mwingine, lakini nani anasoma maneno madogo wakati anamsikia Papa Amisi? Basi nikaendelea. Nilizipanga kama vifungo kwenye kopo: za salaam, za asante, za pole, za "subira kidogo, mashine ilisumbua", za Ijumaa, za Idi. Nilirudi kutoka Makiso miguu imevimba, nikashona, na kati ya shati na shati nikakutafuta na kukutuma. Nilikijua kila kikohozi chako. Kuna moja ya asante ambayo nyuma yake nasikika mimi nikikuita kula, na wewe unasema, "Ngoja kwanza." Hiyo nilikuwa siitumi.

Tantine alikuwa chumbani, katika eda yake, na nguo nyeupe za mjane, hatoki. Kila mara nilipofungua sauti yako hapa kwenye mashine, alinyamaza huko ndani. Halafu akaanza kuja kukaa mlangoni, na mkeka wake. Alidhani ninakusikiliza kwa uchungu. Akasema, "Irudilie ile." Nami nikairudilia. Nikamtazama anavyofunga macho, nikasema moyoni, Asina, we, utaiona.

Na kazi iliendelea. Hiyo ndiyo inayochosha, kwamba iliendelea vizuri. Nilipata hata wateja wapya kwa sauti ya mtu aliyeko kaburini.

Sasa sikia kosa langu. Maman Véro alituma audio akisema amekuwa mnyonge siku hizi, mwaka umekuwa mrefu, haoni mtu wa kuongea naye kule ila mto. Mimi nilikuwa nimetoka bureau, mkubwa wangu alikuwa amenirudishia barua moja mara nne. Audio za pole nilikuwa nimezimaliza kwake, nikaogopa kurudia. Nikapata moja uliyomtumia mtu wa Buta mwaka jana. Ilianza, "Ndugu yangu, salaam mingi. Leo niliamuka na kukufikiri sana." Nikasema hii inafaa. Ilikuwa ndefu. Sikuisikiliza hadi mwisho. Tonton, nilikuwa nimechoka, sikuisikiliza hadi mwisho. Nikaituma, nikarudi kwenye marinda.

Jumamosi ile nilikuwa nikishona sketi za mwisho za Barumbu. Moto moja, pikipiki ya abiria, ikasimama mbele ya uwanja. Akashuka mama mnene, mrefu, kilemba cha njano, na kitunga cha samaki wa kukauka, na chikwangue, mikate ya muhogo, zimefungwa pamoja, na kuku mmoja mzima chini ya kwapa. Siku tatu kwenye boti ya mbao. Akapiga hodi kama mtu anayefika kwao. "Mbote! Hapa njo kwa Papa Amisi?"

Niliijua sauti kabla ya uso. Mguu wangu ukabaki juu ya pedali.

"Mimi ni Véro wa Barumbu. Aliniita, nimekuja. Iko wapi, huyu ndeko wangu?"

Nikasema, "Karibu, Maman, kaa." Nikamletea kiti. Nikamletea maji. Nikachukua kuku. Wallahi, nilikuwa tayari kumwambia umesafiri, nilikuwa nimeshachagua mji, Kindu. Lakini Tantine alikuwa amesikia jina lako. Akaja mlangoni na nguo zake nyeupe.

Maman Véro alimtazama mara moja tu. Nani hapa Congo hajui mavazi ya mjane? Akashusha glasi chini. "Tangu wakati gani?" akauliza, pole pole.

"Huu ni mwezi wa nne," Tantine akasema. "Hawakukuambia?"

Yule mama akatoa simu yake kwenye kifua, akatafuta, akaiweka juu ya mapaja yake, akafungua. Sauti yako ikatoka hapa uwanjani, mchana kweupe, nzima, na ile sehemu ambayo sikuisikiliza: "...na tena hizi salaam za simu zinatosha, ndugu yangu. Toka huko, kuja. Nyumba iko yako. Kuja tukule pamoja mbele ya mimi kufa."

Na ulicheka mwishoni. Kile kicheko chako cha puani.

Hakuna aliyenipiga. Ningependa mtu anipige. Nilisema yote pale pale nikiwa nimesimama, kamba za Barumbu bado ziko shingoni mwangu, nilisema jina langu, na picha, na mkeka wa kilio, na kopo la vifungo. Nilipomaliza, kuku alikuwa bado akilalamika jikoni. Maman Véro akafungua kilemba chake. Akatoka kwenye kiti akaketi chini, juu ya udongo, miguu ameinyoosha, akaanza kulia. Alilia kama watu wa mto wanavyolia, kwa sauti, kwa kukuita. "Ndeko na ngai, okei! Umekwenda, mbele ya kuonana!" Majirani wakaja mbio, wakafikiri ni Tantine. Miezi minne baada ya kukuzika, uwanja wetu ukajaa tena.

Alipopata pumzi alinigeukia. Nilitegemea atasema mwizi, mwongo. Aliniambia, "Uliniiba kilio yangu. Batu bote banalia, mimi niko nacheka naye ku simu. Wiki ile ulimuzika, mimi nilimutumia plaisanterie, mambo ya kuchekesha. Nilicheka, Asina, na yeye iko ndani ya udongo."

Hiyo imeniingia hapa. Sikuwa nimeifikiria kabisa. Nilidhani ninamdanganya juu ya nguo.

Halafu akauliza, "Na hizi bleu-blanc, nani alishona?"

"Ni mimi, Maman."

"Za mwaka jana?"

"Ni mimi."

"Za mwaka ule mwingine?"

"Ni mimi, zote."

Akatazama vidole vyangu muda mrefu. Hakuvisifu. Akasema, "Na wewe, ulimulilia wakati gani?"

Tonton, nilijaribu kuitafuta siku hiyo. Siku ya kuzika nilikuwa na simu kiunoni. Siku ya tatu nilikuwa nakata vitambaa. Siku ya arobaini nilikuwa natuma asante zako Isiro. Ningewezaje kukulilia na wewe kila siku uko kazini? Nilianza kusema nitafanya wakati gani na bureau inaningoja. Yule mama alinishika mkono akanivuta chini kando yake, na Tantine akashuka mlangoni akaketi upande wa pili. Nililia mpaka nikatapika. Nilikulilia wewe, na nikalia kwa hasira juu yako vile vile, kwa sababu ya lile neno mutoto, na hawakuninyamazisha.

Alikaa siku tatu, kama mtu aliyekuja matanga siku ya kifo. Alilala kwenye mkeka, kitanda alikikataa. Mchana yeye na Tantine waliongea habari zako, mmoja akikujua kwa mwili, mwingine kwa sauti tu, na wakagombana kama unapenda pilipili. Ulimdanganya kwamba unaila! Tantine alicheka, mara ya kwanza tangu eda ianze. Samaki wake tuliwala. Na kuku, Maman Véro alisema tumchinje na kumsomea dua kwa njia yetu, halafu tumle pia.

Siku ya pili aliniambia niwaambie watu wote. "Na usiandike. Sema. Bote balimusikia, basikie na hii." Nilichukua simu yako nikakaa hapa. Nilirekodi nikafuta. Sauti yangu ni ya kukwaruza, unaijua, ya mtu anayegombana sokoni. Mara ya kumi na kitu nikaacha kufuta: "Salaam kwenu. Mimi ni Asina, mtoto wa dada ya Papa Amisi. Papa Amisi alikufa, ni miezi minne. Zile audio mlizopata tangu wakati ule, ni mimi nilizituma. Ni za zamani. Nguo nilizishona mimi, hata akiwa hai. Naomba msamaha." Nikatuma kwa wote. Na picha yako nikaiweka, ile ya kofia nyeupe.

Usitake nikuambie walifurahi. Mtu wa Isiro anataka kitambaa chake kirudi kabla ya Jumapili. Wawili walinifungia mlango kwenye simu hapo hapo, sioni tena hata picha zao. Mmoja ameandika kwenye kikundi cha walimu kwamba simu ya Papa Amisi imeibwa na mchawi wa Kabondo, msimjibu. Yule wa Kindu, aliyesema una kiburi, alituma audio, nikaifungua, na ndani hakuna neno, kuna mtu mzima mwanaume anavuta makamasi tu. Sista wa hospitali aliuliza kaburi liko wapi. Wengi wameona na hawakusema kitu.

Jana nilimsindikiza Maman Véro hadi bandarini na mafurushi yake ya bleu-blanc. Nilimuuliza, kwa sababu lazima niulize, kama mwaka ujao atatuma kamba. Alipanga mafurushi kwanza, akakaa juu yake. Akasema, "Sijue, Asina. Nitarudi kwanza nimulilie kwetu. Mambo ya kamba tutaona." Sikuweza kumlaumu. Boti ilipoondoka alinipungia, lakini hakutabasamu.

Nikarudi kwa miguu. Nilimkuta Tantine mlangoni, na kabla sijaomba radhi akaniambia, "Nilijua. Siku ya pili tu nilijua. Mtu anayelia hachagui-chagui hivyo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kumsikia." Eda yake inaisha Jumatatu. Ameniomba simu ikae chumbani kwake, imezimwa, basi nimempa. Kazi nitaianza kwa namba yangu, na wale waliobaki. Nimehesabu, ni wachache. Leo asubuhi, mvua ikinyesha, nimewasalimia mmoja mmoja kwa mdomo huu wa kugombana. Nimemuuliza mwalimu wa Buta habari za mguu wa mke wake. Nimemsalimia Maman Véro pia, ingawa najua yuko mtoni hakuna réseau. Sikumuuliza kamba.

Nimefika hapa na mkono umekufa ganzi. Nakuahidi haya, Tonton. Kila mtu uliyeniachia nitamsalimia kwa jina lake, na nitamwambia langu. Akifiwa, nitamtafuta nimwambie pole kwa kinywa changu. Nami siku nikifa, nimeshamwambia Tantine, na wenzangu wa bureau, watangaze siku ile ile, kwa wote, asibaki mtu anacheka nami peke yake. Kitambaa cha Isiro nitakipeleka mwenyewe agence, kwa wasafirishaji, kesho mvua ikikatika. Na nikipata msaidizi hapa kwenye mashine, nitalitaja jina lake kwa wateja, hiyo nakuahidi na kukuchokoza pamoja.

Lala salama, mjomba wangu. Uliwafungulia watu milango maisha yako yote, ukastaafu, ukashika kazi nyingine, na ukishakufa nikakufanyisha kazi miezi minne bila hata Ijumaa moja ya kupumzika. Inatosha. Pumzika sasa. Sitakusemesha tena.

Asina